Kikapu cha Wageni

Ukipita Kamachumu asubuhi, huko wilayani Muleba, pua yako itakuonyesha nyumba ya Mzee Ndyamukama. Kahawa inachemka pamoja na majani ya kunukia. Harufu yake inapita juu ya migomba, inavuka barabara, na inamfikia hata mtu aliyepanda bodaboda.

Hiyo si kahawa ya kunywa. Ni kahawa ya kutafuna. Wahaya wanaiita akamwani. Inachumwa kabla haijaiva, inachemshwa, kisha inaanikwa juani mpaka ikauke na kuwa nyeusi. Mtu anaweka punje mdomoni na kuitafuna taratibu huku akiongea. Ukiingia katika nyumba ya Mhaya, unaletewa akamwani hata kabla hujasema kilichokuleta. Usipoletewa, jiulize umekosa nini.

Georgina alikuwa binti mkubwa wa Mzee Ndyamukama. Alimaliza kidato cha nne, akaenda Bukoba mjini kutafuta kazi. Alitafuta mpaka viatu vikaisha soli. Mwishowe alirudi nyumbani, na alirudi na wazo.

"Avit," alimwambia mdogo wake, "akamwani tunaigawa bure kila siku. Kwa nini tusiwauzie watu wanaoitamani na hawaipati?"

Avit alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Naye hakuwa na kazi.

"Nani atanunua kahawa ya kutafuna, dada? Kila mtu hapa ana mibuni yake."

"Hapa, ndiyo. Je, Mwanza? Je, Dar es Salaam? Wahaya wamejaa huko, na hawana hata mbuni mmoja mlangoni."

Wakaanza na sufuria moja. Georgina alifunga pakiti chache, akazipeleka Bukoba, kwenye duka la Farida Yunus lililoko mtaa wa Bakoba. Watu walimwita Mama Riyadhi, kwa jina la mwanawe. Duka lake lilipendwa na wasafiri wa mabasi na wa meli, wale wanaotafuta zawadi ya kupeleka mbali.

Mama Riyadhi aliweka punje moja mdomoni. Akatafuna. Akafumba macho kidogo.

"Acha zote hapa," alisema. "Na ulete nyingine."

Zile pakiti ziliisha haraka, na zilizofuata pia. Georgina akaajiri vijana wawili wa kijijini. Kamugisha alichuma na kuanika. Evelyne alipima na kufunga. Avit alikuwa mtu wa moto. Yeye ndiye aliyejua maji yawe kiasi gani, majani yatiwe lini, na sufuria iepuliwe lini. Vijana wanne wakawa na kazi, na nyumbani kwao watu wakaanza kuwaomba ushauri, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Msimu mmoja ulipita vizuri. Kisha simu ikalia.

"Georgina mwanangu," alisema Mama Riyadhi, "mzigo wa safari hii sio."

"Sio vipi, mama?"

"Punje ni ndogo ndogo. Nyingine zimepasuka. Mteja mmoja kanirudishia pakiti mbele ya watu. Nimeona aibu."

"Samahani sana, mama. Mzigo unaokuja nitausimamia mwenyewe."

Aliusimamia kweli. Alisimama karibu na sufuria tangu kuni zilipowashwa. Alibadilisha majani. Alipunguza moto. Alimwagiza Kamugisha ageuze kahawa taratibu zaidi kichanjani. Mzigo ukaenda, na simu ikalia tena. Mama Riyadhi alikuwa amepunguza oda. Safari iliyofuata akaipunguza tena.

Georgina aliwaambia Kamugisha na Evelyne wapumzike kidogo. Kupumzika ni neno zuri, lakini wote wawili walijua maana yake. Evelyne alivua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza.

Siku hiyo Georgina alikuwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu hutafuta wa kumtwisha. Aliyekuwa karibu ni Avit.

"Unachemsha mno," alimwambia.

"Nachemsha kama nilivyochemsha mwanzo."

"Basi mbona zinapasuka?"

"Sijui, dada."

"Wewe ndiye unayekaa na sufuria! Usipojua wewe, ajue nani?"

Avit aliuweka mwiko chini.

"Sawa," alisema. "Mushumbusi anakusanya vijana wa kwenda kuchimba dhahabu Geita. Gari linaondoka Jumatatu. Mimi nitakwenda. Wewe tafuta mtu anayejua kuchemsha."

Kaka yake Evelyne alikuwa amekwenda kuchimba na watu wasio na vifaa wala mafunzo. Shimo lilimwangukia, na alirudishwa kijijini akiwa maiti. Georgina alikumbuka kilio cha mama wa Evelyne siku ile. Alitaka kumwambia Avit asiende. Lakini hasira haikumruhusu. Avit akaingia chumbani, akaanza kupanga nguo zake kwenye begi.

Jumamosi, bodaboda ilisimama uani. Aliyeshuka ni Mama Riyadhi, ushungi wake umejaa vumbi la njia. Mkononi alishika mfuko.

Georgina alijua. Mtu hatoki Bakoba mpaka Kamachumu kuleta habari nzuri ambayo angeweza kuisema kwa simu.

"Shikamoo, mzee wangu," Mama Riyadhi alimsalimu Mzee Ndyamukama.

"Marahaba, mama. Karibu, waitu, karibu ndani. Umetoka mbali," mzee alijibu kwa heshima ya Kihaya.

Mzee alimkalisha kwenye kiti kizuri. Kisha akafanya kile ambacho baba yake alikifanya, na babu yake pia. Alichukua kikapu kidogo kilichokaa siku zote kwenye meza ya sebuleni, akafunua kifuniko chake, akakishika kwa mikono miwili mbele ya mgeni.

"Tafuna kwanza. Maneno yatafuata."

Mama Riyadhi alichukua punje moja. Alikuwa anaipeleka mdomoni, akasita. Aliitazama. Akaiweka kiganjani, akachukua nyingine, na nyingine tena. Zote zilikuwa kubwa, za mviringo, nyeusi, nzima. Hata moja haikuwa na ufa.

"Mzee wangu," aliuliza, "kahawa hii imetoka wapi?"

"Hapa hapa nyumbani."

"Imechemshwa na nani?"

"Na Avit. Nani mwingine?"

"Kwa sufuria ile ile ya kahawa yangu?"

"Ile ile. Kuna nini, mama?"

Mama Riyadhi alifungua mfuko wake, akatoa pakiti iliyorudishwa na mteja. "Georgina, niletee ungo."

Georgina alileta ungo. Mama Riyadhi akamwaga pakiti upande mmoja, na kahawa ya kikapu upande wa pili. Avit alikuja kutoka chumbani, akasimama mlangoni. Wote waliangalia. Upande wa kikapu kulikuwa na kahawa ya kujivunia. Upande wa pakiti kulikuwa na punje ndogo, nyembamba, na vipande.

"Nilikuja kuwaambia kwamba siwezi kuendelea," alisema Mama Riyadhi. "Nilidhani Kamachumu kahawa nzuri imekwisha. Kumbe ipo. Sasa niambieni, kwa nini hii iko mezani na hii iko dukani kwangu?"

Mzee Ndyamukama alishangaa kwamba swali kama hilo linaulizwa.

"Hii ni ya wageni," alisema. "Mimi mwenyewe naichagua. Kila jioni napita vichanjani kabla haijafungwa, nachukua zile kubwa. Mgeni wangu nimpe ndogo? Mimi si mtu wa hivyo."

"Na ya duka?"

"Ya duka ni inayobaki."

Mzee alisema kweli tupu, na hakuona kosa lolote ndani yake. Wala msimcheke. Wengi wetu tumelelewa hivyo hivyo: kizuri kuliko vyote ni cha mgeni. Hata Georgina alikuwa amemwona baba yake akichagua, jioni baada ya jioni, na hakushtuka. Yeye mwenyewe, walipokuja watu wa posa ya binamu yake, alichota bakuli zima kutoka kichanjani akakimbilia nalo sebuleni.

"Na wageni ni wengi?" Mama Riyadhi aliuliza.

Avit alicheka, ingawa hakutaka kucheka. "Mama, siku hizi hata mtu anayekwenda gulioni anapitia hapa kupumzika. Na akiondoka anaomba za kumpelekea mkewe."

Ilikuwa kweli. Tangu biashara ianze, wageni wa Mzee Ndyamukama walikuwa wameongezeka haraka kuliko pakiti. Kila mtu alijua kwamba katika nyumba ile akamwani haikauki.

"Sasa nisikilizeni," alisema Mama Riyadhi. "Kila kichanja kina punje kubwa, kina ndogo, na kina zilizopasuka. Ndivyo kahawa ilivyo. Mwanzoni mzigo wenu ulikuwa mdogo. Bila shaka mlifunga mara tu ulipokauka, kila kitu pamoja, na kubwa zilikuwa nyingi. Leo kubwa zinatolewa kwanza. Zinabaki ndogo na vipande. Hata angechemsha malaika, pakiti ingekuwa hivi hivi. Moto wa huyu kijana hauna kosa."

Georgina alimgeukia mdogo wake. Macho yalimjaa machozi.

"Avit, nimekuonea. Nilikulaumu bila kuchunguza. Nisamehe."

"Nimesikia, dada," Avit alijibu. Begi lake lilikuwa bado kitandani, limefungwa.

Mzee Ndyamukama alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kwa hiyo mnataka niwape wageni makapi? Watu waseme Ndyamukama amezeeka amekuwa bahili?"

"Hapana, tata," alisema Georgina. Hakuinamisha kichwa. "Sitaki mgeni wako apate makapi. Lakini na mteja asipate makapi. Mteja ametoa fedha yake kwa sababu anatuamini."

Mzee alichukua fimbo yake, akatoka, akapotea kwenye kibanja chake, kati ya migomba. Mama Riyadhi hakumwita. Alimwacha aende.

"Usiogope," alimwambia Georgina. "Mimi yalinikuta makubwa zaidi. Nilipoanza duka, shemeji akipita anachukua sabuni. Watoto wakitoka shule wanachukua biskuti. Mume wangu sukari ya chai anaichota kwenye gunia la kuuza. Nasi tulidhani duka ni kabati la nyumbani. Rafu zikabaki tupu, na hatukujua mali imekwenda wapi."

"Ukafanyaje, mama?"

"Nilitenganisha nyumba na duka. Kitu cha duka ni cha duka. Nyumba ikitaka sukari, inanunua kama mteja mwingine. Na mimi mwenyewe nikitaka kanga, nanunua kwa posho ninayojilipa. Mume wangu alinuna wiki nzima. Halafu akazoea. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko mimi."

"Lakini hapa mgeni ni lazima apewe akamwani. Hilo siwezi kulifuta."

"Nani kasema ulifute? Mila yenu nzuri. Imenipokea hata mimi, niliyekuja na maneno mabaya mfukoni. Wageni wawe na kahawa yao, inayojulikana ni yao. Biashara iwe na yake. Zisikae pamoja, zisichemshwe pamoja, zisichanganyike."

Kisha akamwelekeza kazi. Kahawa ikikauka, ichambuliwe yote kabla mtu yeyote hajaigusa. Kubwa nzima ziwekwe peke yake, ndogo nzima peke yake, zilizopasuka peke yake. Kubwa ziende mjini. Ndogo ziuzwe gulioni kwa bei yake, na mnunuzi aambiwe kweli kwamba ni ndogo. Mzigo wa leo ufanane na wa jana. Na mteja akilalamika, aombwe arudishe pakiti ili kosa lionekane kwa macho, kabla ya kumnyooshea mfanyakazi kidole.

"Nitachukua mzigo mmoja tena," alimaliza. "Ukiwa kama kahawa ya kikapu hiki, tunaendelea. Ukiwa kama wa pakiti hii, tusilaumiane."

Alipoondoka, Georgina alimfuata Avit chumbani.

"Chemsha huu mzigo mmoja," alimwomba. "Baada ya hapo, ukitaka kwenda, nitakusindikiza mwenyewe mpaka garini."

Avit alimpigia simu Mushumbusi. Mushumbusi alimwambia kuna gari lingine litakaloondoka baadaye, asipate shida.

"Mzigo mmoja," Avit alimwambia dada yake. "Huo tu."

Jioni Mzee Ndyamukama alirudi. Georgina alikuwa akifagia kile chumba cha nyuma kilichowekwa majembe na madebe mabovu. Alikuwa ametoa kila kitu nje.

"Unafanya nini?"

"Natengeneza stoo ya kahawa ya biashara, tata. Itakuwa na mlango na kufuli."

"Kufuli? Katika nyumba yangu? Dhidi yangu?"

"Dhidi yetu sote. Hata mimi nachota bila kufikiri."

Mzee alitazama madebe. Akatazama mikono ya binti yake, iliyojaa vumbi. Kisha akasema neno ambalo Georgina hakulitarajia.

"Ile mibuni iliyo mbele ya nyumba, aliipanda baba yangu. Kuanzia leo hiyo ni ya wageni. Nitaichuma mwenyewe, na mtanichemshia kwa sufuria ndogo. Iliyobaki shambani ni yenu." Aliingia ndani, kisha akatoa kichwa dirishani. "Na hao vijana wenu hawajui kuchambua. Nimewaona. Kesho nitawafundisha."

Kesho yake Kamugisha na Evelyne waliitwa kazini. Mzee aliketi kwenye kigoda, ungo mapajani. Macho yaliyozoea kuwachagulia wageni sasa yaliwachagulia wateja. Na yalikuwa macho makali.

"Hii umeiweka kubwa?" alimwuliza Kamugisha. "Hebu igeuze. Unaona ufa?"

"Ni mdogo sana, mzee."

"Ungempa mkwe wako?"

"Hapana, mzee."

"Basi toa."

Avit alichemsha kwa utulivu. Hakuimba kama zamani, lakini hakuharibu kitu. Kahawa ikakauka, ikachambuliwa, ikafungwa. Pakiti zikapangwa stoo, zikisubiri basi la asubuhi inayofuata. Ufunguo Georgina aliufunga kwenye pindo la kanga yake.

Alasiri hiyo uani kukasikika sauti nyingi.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina!"

Walikuwa wazee wa ukoo, wamekuja kuzungumzia mpaka wa shamba. Wengine walikuja na wake zao, na wengine na wajukuu. Sebule ikajaa, watu wakakaa mpaka barazani. Mzee Ndyamukama alikizungusha kikapu cha wageni kwa furaha. Kikapu kikaenda kulia, kikaenda kushoto. Kabla hakijafika barazani, kilikuwa tupu.

Mzee aliangalia ndani ya kikapu. Watu wa barazani walikuwa wanasubiri. Mikono yao ilikuwa tayari.

"Georgina," aliita, "leta akamwani."

Georgina alisimama mlangoni. Ufunguo ulikuwa mzito kwenye pindo la kanga. Akiufungua mlango ule leo, hautafungika tena. Asipoufungua, atamwaibisha baba yake mbele ya ukoo mzima. Nyuma yake Avit alikuwa amesimama, naye anaangalia. Georgina alijua kwamba mdogo wake anapima kama maneno yake ya siku ile yalikuwa maneno tu.

Alipiga magoti mbele ya baba yake, kama binti anavyofanya.

"Tata," alisema kwa heshima, "ya wageni imekwisha. Iliyopo ni ya biashara. Imeshafungwa, inaondoka asubuhi."

Mmoja wa wazee aliacha kutafuna. Mzee Ndyamukama alimtazama binti yake. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa koti lake, akatoa fedha.

"Niuzieni pakiti mbili," alisema.

"Unanunua?" aliuliza mzee mmoja kwa mshangao. "Unanunua kahawa katika nyumba yako mwenyewe?"

"Nyumba ni yangu," alijibu Mzee Ndyamukama. "Biashara ni ya watoto. Nikiitafuna bure, wataondoka hawa, na mimi nitabaki na kikapu kitupu."

Georgina aliipokea fedha ya baba yake kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Avit mwenyewe ndiye aliyekwenda stoo. Alileta pakiti mbili, akazifungua, akajaza kikapu. Kikapu kikafika barazani. Watu wakatafuna, na ubishi wa mpaka ukaendelea kwa nguvu mpya. Walipokuwa wanaaga, wake za wazee wale waliulizia pakiti za kuwapelekea wajukuu wao walioko mjini. Evelyne aliwauzia. Hakuna aliyeomba za bure. Wangeombaje, wakati mwenye nyumba amenunua?

Jioni Georgina alipita mlangoni kwa Avit. Nguo zake zilikuwa zimerudi kwenye msumari ukutani. Begi lilikuwa wazi sakafuni, na Avit alikuwa anapanga ndani yake pakiti za Bakoba.

"Boksi limejaa," alisema bila kugeuka. "Begi litasaidia."

Mama Riyadhi hakupiga simu siku mzigo ulipofika. Alipiga baadaye, na hakusalimu kwa kirefu.

"Zimekwisha," alisema. "Leteni nyingine. Na yule aliyechambua, msimwache aondoke."

Kazi ikakua tena, safari hii kwa mpango. Kila mfanyakazi alijua kazi yake na malipo yake. Georgina alikwenda Bukoba kupata mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuhusu usafi na ufungashaji. Aliporudi aliwafundisha wenzake. Vijana wengine wa kijiji wakapata kazi, wasichana kwa wavulana. Waliokuwa na mibuni yao wakaanza kuwauzia kahawa mbichi, ambayo zamani waliiacha ipotee mikononi mwa walanguzi.

Siku moja Mushumbusi alikuja Kamachumu kutafuta vijana wa machimboni. Alipita nyumba kwa nyumba, mpaka akafika kwa Mzee Ndyamukama. Mzee alimkaribisha sebuleni, akamshikia kikapu kwa mikono miwili. Kahawa ilikuwa ya mibuni ya mbele ya nyumba, kubwa, nyeusi, nzima.

Mushumbusi alitafuna. Kupitia dirishani aliwaona vijana kwenye vichanja. Wengine waligeuza kahawa, wengine walichambua kwenye ungo. Avit alikuwa kwenye sufuria, anaimba.

"Mzee," alisema Mushumbusi, "gari langu lina nafasi nyingi. Nimekuja kuchukua vijana."

"Nimekusikia. Chukua nyingine, tafuna. Wewe ni mgeni wangu."

Mushumbusi akachukua nyingine.

"Sasa vijana je, mzee?"

Mzee Ndyamukama alikifunika kikapu taratibu, akakirudisha mezani.

"Kahawa nimekupa bure," alisema. "Vijana wako kazini."